Betri ya moyo kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji: tathmini ya mzazi wa Kigoma baada ya miaka minane

Binti yangu ana umri wa miaka kumi na yuko darasa la nne. Upande wa kushoto wa tumbo lake, chini kidogo ya mbavu, kuna kisanduku kidogo cha titani ambacho mchana na usiku ndicho kinachoupigisha moyo wake. Watu wa hospitali hukiita pesimeka. Sisi nyumbani, kama Watanzania wengi, tunakiita betri ya moyo. Aliwekewa mwaka 2017, akiwa na miaka miwili na uzito wa kilo tisa, siku kumi na moja baada ya upasuaji wa kuziba tundu la moyo, na mwaka 2024 akabadilishiwa nyingine. Ninaandika tathmini hii kwa sababu katika siku zile kumi na moja nilitafuta maneno ya mzazi aliyekwisha kuishi na kifaa hiki, tena mzazi anayekaa mbali na jiji kama sisi wa Kigoma, nisiyapate. Hospitali na kliniki tulizopitia sitazitaja, wala kampuni iliyotengeneza betri, kwa kuwa ninachokitathmini ni kifaa chenyewe pamoja na huduma inayopaswa kuandamana nacho. Hukumu yangu naitoa mapema: kifaa ni kizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini, lakini huduma inayokizunguka ina mapengo, na mengi ya mapengo hayo mzazi anaweza kuyaziba kabla hajatoka wodini endapo anajua la kuuliza.

Kwanza nieleze kwa nini mtoto aliyekwenda kuzibwa tundu alirudi na betri, maana ndilo swali ambalo ndugu na majirani waliniuliza kuliko yote, wengine kwa sauti iliyodokeza kwamba madaktari walikosea. Tundu la binti yangu lilikuwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Pembezoni mwa matundu mengi ya aina hiyo hupita njia ya umeme wa moyo, fungu jembamba la nyuzi ambalo macho ya daktari hayawezi kulitofautisha na nyama inayolizunguka, na ambalo kazi yake ni kupeleka amri ya kupiga kutoka vyumba vya juu hadi vya chini. Daktari anaposhona kiraka, sindano ikipita jirani mno au uvimbe ukijitokeza baada ya kushona, njia hiyo inaweza kukatika. Hapo vyumba vya juu huendelea na mwendo wao wa kawaida, na vya chini, visivyopata tena amri, hujipigia vyenyewe polepole. Katika upasuaji wa moyo wa watoto jambo hili huwapata takriban mtoto mmoja hadi watatu katika kila 100, hata mikononi mwa mabingwa, na sehemu kubwa yao hupona wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi uvimbe unapotulia. Ndiyo maana madaktari hawakimbilii kuweka betri ya kudumu siku ya pili. Mzazi akiambiwa asubiri asidhani kwamba ametelekezwa, kwa sababu kusubiri huko ni sehemu ya matibabu.

Wakati wa kusubiri mtoto hutegemea betri ya muda. Nyaya mbili nyembamba zilitoka kifuani mwake zikaunganishwa na kisanduku cha nje kilichokaa juu ya shuka, kikimulika taa ndogo kila mara moyo ulipopigwa. Kila asubuhi daktari alipunguza mwendo wa kisanduku taratibu ili aone kama moyo utajiongoza wenyewe, na kila asubuhi namba kwenye skrini ilishuka hadi arobaini na kitu, kisha akakirudisha. Nilikuwa nikiomba umeme usikatike, hadi muuguzi mmoja aliponionyesha kwamba kisanduku kile kina betri yake na hakitegemei umeme wa ukutani. Baadaye nilisoma asili ya jambo hilo, na sikuweza kulisoma mara moja nikalimaliza. Katika miaka ya 1950 mjini Minneapolis, Marekani, daktari C. Walton Lillehei alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuziba matundu ya moyo kwa watoto, na watoto wake walipatwa na tatizo hili hili la binti yangu. Mashine za kuwapigisha moyo zilikuwa kubwa na zilichomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini humo, na Lillehei akamwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, atengeneze kifaa kisichotegemea umeme wa mji. Baada ya wiki chache tu Bakken alikuja na kisanduku kidogo chenye betri, kinachoweza kuvaliwa na mtoto. Sisi wa Kigoma, tuliokaa miaka mingi tukitegemea majenereta ya dizeli na kuzoea kulala gizani, tunaelewa bila kufafanuliwa kilichomsukuma daktari yule.

Siku ya kumi moyo ulikuwa haujarudi, na kesho yake akawekewa betri ya kudumu. Kwa mtu mzima, waya huingizwa kupitia mshipa wa karibu na bega hadi ndani ya moyo, na betri hukaa chini ya ngozi ya kifua. Kwa mtoto wa kilo tisa mishipa ni myembamba mno. Waya ukikaa humo miaka mingi unaweza kuuziba mshipa ambao atauhitaji ukubwani, kwa hiyo kwake waya ulishonwa juu ya ngozi ya nje ya moyo na betri ikafichwa chini ya misuli ya tumbo. Waya huo ni mrefu kuliko unavyohitajika, umekunjwa duara, ili mtoto anapokua ujikunjue badala ya kuvutika na kukatika. Ncha yake ina dawa inayotoka polepole kuzuia kovu lisiwe zito mahali inapogusa moyo, kwa kuwa kovu likizidi, umeme mwingi zaidi huhitajika na betri huisha upesi.

Kuna jambo ambalo wakati ule sikujua kuliuliza, nalo ni mahali hasa ambapo waya umeshonwa. Moyo unaopigwa na betri maisha yote huanza kupigwa kutoka pale waya ulipo, na sehemu nyingine hufuata kwa kuchelewa. Kwa watoto wengine ucheleweshaji huo, miaka ikipita, huudhoofisha moyo na kuutanua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya watoto kutoka hospitali nyingi, ulionyesha kwamba waya ukiwekwa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto moyo huhifadhi nguvu zake vizuri kuliko ukiwekwa upande wa kulia. Wa binti yangu uko kushoto, na nilifahamishwa miaka minne baadaye. Namshukuru Mungu na daktari aliyefanya hivyo, lakini ningependa kila mzazi aulize kabla, maana ni swali fupi na jibu lake hudumu miaka mingi.

Sasa kuhusu kuishi nayo. Betri ina uzito usiofika gramu 30, lakini kwenye tumbo la mtoto wa miaka miwili ilionekana kama kiberiti kilichowekwa chini ya ngozi. Mipira ya kiunoni ilikuwa adui yetu wa kwanza. Fundi mmoja wa cherehani pale Mwanga alinishonea sketi na suruali zote kwa mtindo wa kuning'inia mabegani, na hata sare ya shule tukaomba ruhusa ivaliwe bila mkanda. Kadiri alivyokua, misuli ilikifunika kisanduku, na leo mgeni hawezi kukiona. Anacheza rede, anaruka kamba, anapanda ngazi za nyumba ya bibi yake kule Ujiji bila kusimama njiani. Mtoto ambaye kabla ya upasuaji alikuwa akitoka jasho kwa kunyonya tu, leo ndiye anayetumwa dukani kwa sababu anarudi haraka kuliko kaka yake. Kwa upande huu sina neno la kupunguza sifa ya kifaa.

Kina akili, lakini akili yake ina mpaka, na mpaka huo nimeugundua kwa kuhesabu mapigo mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Ndani yake mna kihisio cha mtikisiko: mwili ukitikisika, kama mtu anapokimbia, betri huongeza mwendo wa moyo, mwili ukitulia, hupunguza. Binti yangu alipojifunza baiskeli alianza kulalamika, "Mama, miguu inaisha nguvu," ilhali akikimbia halalamiki. Nilipopima, mapigo yalikuwa hayajapanda sana, kwa kuwa anayeendesha baiskeli hutumia miguu huku kiwiliwili kimetulia, na kihisio kikadhani amekaa. Kinyume chake nilikiona ndani ya treni ya kwenda Dar es Salaam: mtoto amelala fofofo, behewa linayumba baada ya kupita Tabora, na mapigo yake yalikuwa 95 badala ya 70. Nililieleza hili kliniki nikihofia kwamba betri imeharibika. Mtaalamu aliniambia kwamba si uharibifu, akasogeza kiwango cha kihisio kwa kutumia mashine yake, na baiskeli ikawa nafuu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mashine haikumwambia kuhusu baiskeli. Ni mimi niliyemwambia. Mzazi awe na daftari.

Watu huniuliza tunaichaji wapi. Haichajiwi. Ni betri ya lithiamu iliyofungwa pamoja na mitambo yake ndani ya kisanduku, na ikiisha kisanduku kizima hubadilishwa. Kwa mtoto anayeitegemea kwa karibu kila pigo, kama wangu, miaka mitano hadi kumi ndiyo matarajio ya kawaida. Ya kwanza ilidumu miaka saba. Haizimiki ghafla kama tochi. Hutoa alama kwamba muda wa kubadilishwa umefika ikiwa bado na nguvu za takriban miezi mitatu, lakini alama hiyo huonekana kwa anayeisoma tu, na hapo ndipo umbali unapokuwa hatari. Tulikuwa tukienda kliniki kila miezi sita. Mwaka wa mwisho ikawa kila miezi mitatu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, safari ya siku mbili ukiwa na bahati, na mwalimu wa shule ya msingi kama mimi hana ndege ya kupanda kila baada ya miezi mitatu. Ubadilishaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa: walipita kwenye kovu lile lile la tumbo, wakaitoa betri kongwe, wakaupima waya, wakaukuta mzima, wakaunganisha betri mpya, na siku ya tatu akawa anadai wali na migebuka. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ndani ya mwili, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa tarehe 8 Oktoba 1958 na ya kwanza ikadumu saa chache tu. Akabadilishiwa na kubadilishiwa, jumla 26, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Usiku wa kuamkia upasuaji wa pili, habari hiyo ndiyo iliyonituliza nikalala.

Hapa nafika kwenye malalamiko yangu, nayo ni ya kweli. Tuliporuhusiwa mwaka 2017 tulipewa karatasi ya kuruhusiwa iliyosema kwamba mtoto ana betri ya moyo na arudi kliniki baada ya miezi mitatu. Haikutaja kampuni, aina ya betri, namba yake, aina ya waya, mahali waya ulipo, wala mwendo uliopangwa. Kila kampuni ya betri za moyo ina mashine yake ya kuzisoma, na mashine ya kampuni hii haisomi betri ya kampuni ile. Tulisafiri siku mbili na usiku wake hadi kliniki moja iliyokuwa imetupokea kwa ajili ya ufuatiliaji, mtoto akapandishwa kitandani, mashine ikawekwa tumboni, ikanyamaza. Ilibidi mtoto apigwe eksirei ili umbo la betri na alama zilizomo litambuliwe, kisha tungoje siku tano mashine sahihi iletwe. Hakuna aliyetudharau, wahudumu walikuwa wapole na walihangaika. Lakini siku tano za kulala kwa ndugu asiyejiandaa, huku nikiwa sijui kama betri ya mwanangu inasomeka popote nchini, sitazisahau. Kosa lilikuwa la karatasi, na karatasi ni kitu cha bei ndogo kabisa katika safari nzima hii.

Kwa hiyo nasema kwa mkazo: betri ya moyo haijakamilika mpaka kadi yake iwe mkononi mwa mzazi. Kila kampuni hutoa kadi ya mgonjwa yenye jina la kampuni, aina na namba ya betri na waya, na tarehe ya kuwekwa. Ukinyimwa, iombe, ukiambiwa itatumwa, omba anayekuambia aandike maelezo hayo kwa mkono na apige muhuri. Omba pia kipimo cha umeme wa moyo kilichopigwa siku ya kuruhusiwa, maana daktari wa kwenu akikilinganisha na kipya ataona mabadiliko ambayo bila hicho asingeyaona.

Pengo jingine ni kwamba elimu tuliyopewa ilikuwa ya mjini. Tulionywa kuhusu milango ya ukaguzi ya viwanja vya ndege, ambayo tunaipita mara chache mno, na hatukuonywa kuhusu spika kubwa za muziki ambazo zimejaa sumaku na ambazo watoto hupenda kuziegemea kwenye sherehe, wala kuhusu mafundi wa mageti wanaochomelea vyuma kandokando ya barabara tunayopita kila siku. Simu tunaiweka mbali na tumbo lake kwa sentimita 15 au zaidi, halali nayo, na penye kuchomelea tunapita upande wa pili. Kipimo cha MRI, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali, kwa nyaya zilizoshonwa juu ya moyo kwa kawaida hakiruhusiwi, na hilo nimeliandika kwa wino mwekundu ndani ya daftari lake la kliniki. Mama mmoja mzee tunayemheshimu mtaani alishauri mtoto achanjwe chale juu ya kovu ili lisimwashe. Nilimjibu, "Shikamoo bibi, nakushukuru, lakini hapo chini kuna chuma, na uchafu ukikifikia hautoki bila kukitoa chenyewe." Alielewa mara moja, na tangu siku hiyo amekuwa mlinzi wetu, akiona kovu limekuwa jekundu kwa kukwaruzwa na nguo, ananiambia kabla sijaliona.

Jambo lililopunguza safari zetu lilitoka kwa daktari kijana aliyekuwa hapa mkoani. Sumaku maalumu ikiwekwa juu ya betri, nyingi kati ya betri hizi huacha kuusikiliza moyo na kupiga kwa mwendo mmoja uliopangwa na kampuni, na mwendo huo hushuka betri inapokaribia kuisha. Kwa hiyo ukiwa na sumaku, mashine ya kawaida ya kupima umeme wa moyo, na maelezo ya kampuni kuhusu mwendo huo, unaweza kujua hapa hapa Kigoma kama betri bado ina nguvu. Kipimo hiki hakiwi badala ya kliniki: hakipimi waya kikamilifu, hakibadilishi mipangilio, na ni kazi ya kufanywa na daktari anayejua betri husika, si mzazi nyumbani na sumaku ya redio. Lakini kati ya miadi na miadi kilinipa usingizi. Eksirei ya kifua na tumbo nayo hupigwa hapa hapa kila mwaka mmoja au miwili, kuangalia kama duara la waya linajikunjua vizuri, kama haujakatika, na kama haujauzunguka moyo, jambo la nadra lakini la hatari kwa mtoto anayekua. Kama ningekuwa na uwezo wa kuomba kitu kimoja kwa hospitali zote za rufaa za mikoa ya mbali, ningeomba sumaku hiyo na mtu mmoja aliyefundishwa kuitumia.

Dalili ambazo walimu wenzangu shuleni nimewafundisha ni kuzimia au kutaka kuzimia, kizunguzungu, kuchoka kusiko kwa kawaida, mapigo yaliyo chini ya 70 ambayo ndiyo mwendo wake wa chini uliopangwa, kwikwi zisizokoma au tumbo linaloruka kwa mpigo, na homa pamoja na uvimbe au wekundu penye betri. Mwalimu wa darasa lake anajua kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, na amewahi kunipigia simu mara moja, ilikuwa malaria.

Kadi ya betri mpya tulipewa siku ile ile ya kuruhusiwa, bila kuiomba, na nimetoa nakala tatu: moja iko ofisini kwa mwalimu mkuu, moja kwa daktari wetu hapa mkoani, na moja binti yangu ameishonea mwenyewe ndani ya mfuko wa begi lake. Miadi yetu inayofuata ni mwezi wa Septemba. Kwenye daftari nimeandika maswali mawili: kama ni wakati wa kuongeza waya wa pili kwenye chumba cha juu, ili mwendo wa moyo wake uongozwe na moyo wenyewe badala ya mtikisiko wa treni, na ni kwa uzito gani tutahama kutoka tumboni kwenda kwenye mshipa. La tatu ameliandika yeye kwa penseli, chini ya maandishi yangu: kama anaweza kuogelea ziwani.